Mhubiri Mzoefu Naye Ana Darasa Lake

Daktari wa hospitali ya wilaya hukusanya alama za mafunzo endelevu ili leseni yake ihuishwe. Mwalimu wa shule ya msingi hukaa na wenzake kwenye MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, wakijadili mada iliyowashinda watoto wiki iliyopita. Je, mchungaji aliyebarikiwa miaka ishirini iliyopita, ambaye kila Jumapili umati wa watu huketi kimya kumsikiliza, yeye anakusanya nini? Nani humuuliza amejifunza nini kuhusu kuhubiri tangu siku ile alipowekewa mikono?

Msikilizaji, swali hili linaugusa mkoa wa Singida kwa karibu. Hapa ndipo yalipo makao makuu ya Dayosisi ya Kati ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ambayo mizizi yake inarudi kwa wamisionari wa Augustana kutoka Marekani waliofanya kazi Iramba tangu miaka ya 1920. Wakatoliki wana Jimbo la Singida tangu mwaka 1972. Waanglikana wana Dayosisi ya Rift Valley, yenye makao yake wilayani Manyoni. Ongeza makanisa ya Kipentekoste, ambayo hayakosekani katika mji wowote mdogo kandokando ya barabara kuu. Kuanzia Nduguti hadi Itigi, kila Jumapili mahubiri ni mengi kuliko hotuba zote za siasa za mwezi mzima.

Sasa itazamwe wiki ya mchungaji mmoja wa kijijini. Usharika wake una mitaa kadhaa, na mtaa mmoja unaweza kuwa mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka mwingine. Jumatatu kuna msiba. Jumanne kamati ya ujenzi inataka kujua mabati yamefikia wapi. Jumatano ni vijana wa kipaimara. Alhamisi mume na mke wamekuja, kila mmoja na mashahidi wake. Ijumaa anakwenda kwenye shamba lake la alizeti, kwa sababu posho haitoshi na watoto wanasoma. Jumamosi usiku, taa ikiwa imewashwa na mwili umechoka, ndipo anafungua Kalenda ya kanisa kuangalia somo la kesho.

Somo analijua. Amelihubiri mara nyingi. Kwenye daftari la zamani kuna vichwa vitatu vilivyopangwa vizuri, na mfano uliowahi kuwachekesha watu wa usharika aliokuwa nao kabla ya kuhamishwa. Anayachukua mahubiri hayo yalivyo. Huyu si mvivu, ni mtu aliyeachwa peke yake.

Mwanafunzi aliyetoka chuoni juzi anajua kwamba hajui. Anaandaa, anaogopa, anauliza. Mzoefu ameshapoteza hofu ile, na hakuna aliyempa kitu kingine badala yake. Uzoefu humpa mtu ujasiri wa kusimama mbele za watu, humpa sauti na namna ya kuishika ibada isimponyoke. Lakini uzoefu peke yake haumwambii kama waliomsikia walimwelewa. Baada ya ibada waumini humpa mkono mlangoni, na kila mmoja anasema neno lile lile: tumebarikiwa, Mchungaji. Mzee wa kanisa hatamwambia kwamba hakushika lolote. Heshima inamzuia, na heshima hiyo hiyo inamfungia mchungaji mlango wa kujirekebisha.

Matendo ya Mitume sura ya 18 inasimulia habari ya Apolo, mzaliwa wa Aleksandria, msemaji hodari aliyeyajua Maandiko vizuri. Alifika Efeso akahubiri kwa bidii kubwa, ila kulikuwa na jambo ambalo alikuwa hajalielewa sawasawa. Waliomsaidia hawakuwa maprofesa. Walikuwa mke na mume, Prisila na Akila, mafundi wa kushona mahema. Walimchukua kando wakamfafanulia. Hawakumpinga hadharani, wala hawakumnyang'anya mimbari. Naye akakubali kufundishwa na mafundi, akaendelea na huduma akiwa na nguvu zaidi. Humo mna kila kitu ambacho semina nzuri ya wachungaji inahitaji: watu wanaopenda kazi ya mhubiri, mahali pa faragha, na mhubiri aliye tayari.

Bara la Afrika nalo lina ushahidi wa jambo hili, wa zamani zaidi ya inavyodhaniwa. Agostino, askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Algeria, alianza kuandika kitabu chake kuhusu mafundisho ya Kikristo karibu mwaka 396, akakiacha njiani. Alikirudia miaka thelathini hivi baadaye, akiwa mzee wa miaka sabini na kitu, na sehemu ya nne aliyoiongeza ndiyo inayohusu namna ya kuhubiri: jinsi ya kufundisha, ya kupendeza na ya kumgusa msikilizaji hadi atende. Alikuwa amehubiri maisha yake yote ya uaskofu. Hata hivyo aliona kwamba suala la kuhubiri lilikuwa bado linastahili kukaliwa chini na kufikiriwa upya.

Karibu zaidi na Singida, mjini Dodoma, kulikuwa na mwalimu Mganda aliyeitwa Festo Kivengere. Alizaliwa mwaka 1919, akakolezwa na uamsho wa Afrika Mashariki, akafika Dodoma miaka ya 1940 kufundisha katika shule ya Alliance. Alihubiri shuleni, kwenye makongamano na nje ya mipaka. Mwaka 1960, Billy Graham alipozuru Afrika Mashariki, Kivengere ndiye aliyekuwa mkalimani wake, akiyapeleka mahubiri yale kwa Kiswahili kana kwamba ni yake mwenyewe. Kwa kipimo cha watu wengi alikuwa amekwisha kuhitimu. Lakini katikati ya miaka ya 1960, akiwa na zaidi ya miaka arobaini na mke na watoto, alikwenda kukaa darasani katika seminari ya Pittsburgh, Marekani. Mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi. Jina lake lilikuwa limeshavuma kabla ya Pittsburgh, na bado alikwenda.

Singida yenyewe ina kisa chake. Howard Olson, Mmarekani wa Kilutheri, alifika Tanganyika mwaka 1946. Alipojikuta miongoni mwa Wanyaturu, hakuridhika kuhubiri kwa mkalimani au kwa Kiswahili cha juujuu. Alijifunza Kirimi, lugha ya Wanyaturu, akakichambua sauti kwa sauti na neno kwa neno, na utafiti wake juu ya lugha hiyo ulichapishwa mwaka 1964, karibu miaka ishirini tangu aanze kazi. Baadaye, akiwa mwalimu wa theolojia Makumira, aliendelea kukusanya na kutunga nyimbo za kanisa kwa tuni za Kiafrika. Kilichomsukuma kujifunza kilikuwa watu waliokaa mbele yake. Alitaka kujua wanasikiaje.

Na watu wanaokaa mbele ya mhubiri wa Singida leo si wale wa mwaka aliobarikiwa. Sensa ya 2012 ilihesabu mkoani humu watu milioni 1.37. Ile ya 2022 ilikuta wamevuka milioni 2. Shule za sekondari za kata, zilizoenea kuanzia katikati ya miaka ya 2000, zimejaza madawati ya kanisa kwa vijana wa kidato cha nne. Kijana wa Shelui au Misigiri ana simu, na kabla ya kufika ibadani ameshasikiliza mahubiri ya Dar es Salaam, ya Nairobi na ya Lagos. Analinganisha. Anauliza kwa nini mvua zinakataa, kama ugonjwa wa dada yake ni laana, kama ni halali kwenda kuchimba dhahabu na kuacha shamba. Mchungaji anayejibu maswali ya mwaka 2000 atasikilizwa kwa adabu, kisha ataachwa.

Je, suluhisho ni kumrudisha chuoni? Kwa wachache, ndiyo. Chuo cha Makumira, kilichohamia hapo kutoka Lwandai mwaka 1954 na leo ni chuo kikuu, kimeinua viongozi wengi wa KKKT, na ni vema kikaendelea kuwapokea wachungaji wenye mvi. Lakini kutoka Singida hadi Makumira ni zaidi ya kilomita 300. Usharika hauwezi kukaa miaka miwili bila mchungaji, na familia haiwezi kukaa bila baba au mama. Tena shahada ya pili ni jambo moja, na mahubiri ya Jumapili ni jambo jingine. Wapo waliorudi na cheti wakahubiri kana kwamba wanasoma tasnifu.

Shule inayomfaa mchungaji wa kijijini ni ile inayomfuata alipo, na mkoa huu umekwisha kuionja kwa upande wa walimu. Singida ni miongoni mwa mikoa tisa ya mradi wa Shule Bora, unaofadhiliwa na Uingereza, na kupitia utaratibu wa MEWAKA walimu hukutana shuleni kwao au kwenye kituo cha karibu. Huleta tatizo halisi la darasani, hulijadili, huenda kujaribu, hurudi kusema lililotokea. Mwalimu Mkuu hasubiri mtaalamu wa Dodoma aje na projekta. Pengine mwalimu huyo Jumapili ni mwanakwaya au mzee wa kanisa katika usharika ule ule. Mchungaji akimuuliza, atajifunza utaratibu wote kwa nusu saa.

Kwa wahubiri mambo yanaweza kwenda hivi. Wachungaji wanne au watano wa sharika jirani wanakutana asubuhi ya Jumanne, kila mmoja na Biblia mbili, Union na Habari Njema, wakiwa na somo la Jumapili ya wiki inayofuata. Linasomwa kwa sauti mara mbili. Kwanza hawaulizi watahubiri nini. Wanauliza andiko linasema nini, liliwaambia nini waliolisikia kwanza, na linamwonyesha Mungu wa namna gani. Ndipo mmoja anasimama na kuhubiri dakika kumi na tano. Akimaliza, hakuna kumsifu wala kumkosoa bado. Kila mmoja anasema tu alichosikia, kwa sentensi moja. Wanne wakitaja mambo manne tofauti, mhubiri hahitaji kuambiwa zaidi: hotuba yake haikuwa na uti wa mgongo.

Ichukuliwe Mathayo 20, mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu. Wengi wameuhubiri kwa miaka kuwa onyo kwa wanaochelewa kutubu. Katika kikundi cha namna hii, mwenzao mmoja atauliza kwa nini wale wa jioni walikuwa bado wamesimama sokoni. Andiko linajibu lenyewe: hakuna aliyewaajiri. Hapo Singida inaingia ndani ya Biblia. Kila mtu ameona vibarua wakisubiri alfajiri wakati wa mavuno ya vitunguu, au vijana wakisubiri lori la kupakia pale sokoni Misuna. Wenye misuli huchukuliwa kwanza. Wanaobaki hadi jua linainama ni mzee, ni aliyeamka na homa, ni mama mwenye mtoto mgongoni. Dinari moja ilikuwa ujira wa siku, maana yake chakula cha nyumba nzima usiku ule. Mwenye shamba alijua kwamba nusu ya chakula haimlishi mtoto.

Kisha swali la pili, gumu zaidi: wale walionung'unika ni akina nani kanisani kwetu? Ni waliochomwa na jua tangu asubuhi, waliojenga kanisa kwa tofali zao, waliotoa kuku na magunia yakapigwa mnada mwaka baada ya mwaka, na sasa wanaona mgeni aliyeokoka jana anapewa nafasi mbele. Na mchungaji wa miaka ishirini yumo katika kundi hilo. Akiligundua hilo Jumanne mbele ya wenzake, Jumapili atahubiri akiwa amehubiriwa kwanza.

Umri na cheo ndivyo vinavyoharibu mikutano ya aina hii. Mchungaji wa miaka mitatu hawezi kumwambia mchungaji wa miaka thelathini kwamba amezunguka. Mkuu wa jimbo, anayezisimamia sharika zao, akiwepo, wote wanageuka wapole. Dawa yake inajulikana: mkubwa aanze yeye. Mkuu wa jimbo asimame wa kwanza, ahubiri, akae, na awaombe wadogo zake waseme walichosikia. Akilipokea hilo kwa moyo mweupe mara moja, mlango umefunguka kwa wote. John Stott, mchungaji maarufu wa London aliyefariki mwaka 2011, alipokuwa bado kijana katika utumishi aliwaomba marafiki wawili, wanafunzi wa udaktari, wamwandikie kasoro za mahubiri yake. Alikiri kwamba barua nyingine zilimwumiza, ila zilimfaa.

Simu aliyonayo kila mchungaji mfukoni ni mwalimu mwingine. Arekodi mahubiri yake, ayasikilize kesho yake akiwa peke yake. Atasikia jinsi anavyoita haleluya kila anapopoteza njia, na jinsi "mwambie jirani yako" inavyojaza nafasi ambayo wazo lilipaswa kukaa. Atasikia alipomaliza, na dakika ngapi alizoongeza baada ya kumaliza. Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume wa mwaka 2013 juu ya furaha ya Injili, alitumia kurasa nyingi kuzungumzia homilia, akisisitiza kwamba maandalizi yapewe muda mrefu wa kusoma, kusali na kutafakari. Mwaka 2024 aliwashauri mapadri wasizidi dakika nane. Si lazima Mlutheri au Mpentekoste afuate dakika hizo, lakini anayeweza kueleza jambo moja kwa dakika nane amelielewa.

Zaidi ya mahubiri ya Jumapili, upo pia msiba. Mazishini mchungaji wa Singida hupata wasikilizaji ambao Jumapili hawapati: Waislamu wa jirani, ndugu kutoka Mwanza na Dar es Salaam, vijana waliokwisha kuacha kanisa. Wamesimama juani na mioyo imefunguka. Na hapo ndipo mahubiri ya akiba hutumika zaidi, kwa kuwa kifo hakitoi muda wa kuandaa. Kikundi cha wachungaji kikiwa na jambo moja la kufanyia kazi mwaka mzima, lingefaa liwe hili: namna ya kumzika mtoto, namna ya kumzika aliyejiua, namna ya kusema tumaini bila kumlaumu marehemu wala kuwatisha wafiwa.

Anayeona haya ni mambo madogo akumbuke yaliyotokea karibu nasi. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi nchini Kenya, ilianza kufukuliwa miili ambayo idadi yake ilipita 400, ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Neno linalotoka mimbarini huingia mwilini mwa watu. Rwanda, kwa sheria ya mwaka 2018, iliwataka viongozi wa makanisa wawe na shahada ya masomo ya dini, ikawapa miaka mitano kuipata. Sheria ya namna hiyo hukagua cheti cha mtu anapoingia. Lakini haiwezi kukaa naye Jumamosi usiku katika mwaka wake wa ishirini na mbili wa utumishi. Kazi hiyo ni ya kanisa lenyewe.

Faida haiishii kwa mchungaji. Katika mitaa mingi anayehubiri Jumapili nyingi ni mwinjilisti, mwenye mafunzo mafupi na posho ndogo zaidi. Mchungaji aliyezoea kusikilizwa na wenzake atajua namna ya kumsikiliza mwinjilisti wake. Atakaa naye chini ya mti baada ya ibada, amwambie alichosikia, waandae pamoja somo linalofuata. Kundi la wachungaji watano kwa njia hiyo linafika kwenye mimbari kumi na tano au ishirini bila kujenga bweni hata moja.

Gharama yenyewe si ya kutisha: nauli ya pikipiki, chakula cha mchana, na siku moja ya mwezi inayolindwa kama inavyolindwa siku ya kikao cha fedha. Wakati unaofaa kuanza ni baada ya mavuno, kati ya Juni na Oktoba, barabara zikiwa kavu na chakula kipo. Halmashauri za majimbo zinapopanga bajeti huweka fungu la ujenzi, la vijana na la kwaya. Fungu la mafunzo ya wahubiri liandikwe hapo kwa jina lake, na wazee wa kanisa waulizie utekelezaji wake kila robo mwaka. Nao waumini wana sehemu yao: siku mchungaji anapokuwa kwenye kikundi chake, msiba usioweza kungoja aupokee mwinjilisti, na kikao cha mabati kisogezwe hadi kesho yake.